Kuchagua Mwalo wa Kulaza Chombo Usiku: Nyumba ya Mungu, Jipe na Kalemawe

Wilaya ya Same haina pwani, wala haina gati lenye maboya, bomba la maji na mlinzi wa zamu, kama wenye mashua za tanga wanavyoyakuta Ras Kazone mjini Tanga au Msasani jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, wakazi wake si wageni wa vyombo vya majini. Wapo wanaokwenda kuvua au kununua samaki katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililo katika wilaya jirani za Mwanga, Moshi na Simanjiro. Wapo wanaofika Ziwa Jipe, chini ya milima ya Upare Kaskazini. Ndani ya wilaya yenyewe lipo Bwawa la Kalemawe, kwenye tambarare iliyo mashariki ya Upare Kusini. Awe anasafiri kwa kasia, kwa tanga au kwa injini, kila mwenye chombo hufikiwa na saa ambayo jua linakaribia milima ya magharibi, na hapo hulazimika kuamua chombo kilale wapi na watu walale wapi.

Uamuzi huo aghalabu hufanywa kwa haraka, mwishoni mwa siku ya uchovu, na mara nyingi kwa kuangalia ufuo ulio karibu zaidi. Ndiyo sababu inafaa ufanywe mapema, ikiwezekana saa 10 alasiri, wakati rangi ya maji bado inaonyesha kina, visiki vinaonekana, na kama mahali palipochaguliwa hapafai muda wa kwenda kwingine upo.

Kigezo cha kwanza ni upepo, na katika bonde la Pangani hakuna kigezo kingine kinachoukaribia kwa uzito. Kati ya safu ya milima ya Upare na uwanda wa Umasai kuna ujia mpana ambamo upepo wa kusi hupita kwa nguvu, hasa alasiri, kuanzia takriban Mei hadi Septemba au Oktoba. Wakazi wa mji wa Same wanaufahamu vyema kwa vumbi lake na kwa mabati yanayong'olewa. Bwawa la Nyumba ya Mungu limelala kwa urefu likilifuata bonde hilo, kutoka kaskazini kwenda kusini. Kwa hiyo upepo wa kusi hupata uwanja mrefu wa kuyasukuma maji, na wimbi linaloanza kama mkunjo mdogo karibu na ukuta wa bwawa huweza kufika mwambao wa kaskazini likiwa na kimo cha kujaza mtumbwi. Katika majira hayo, mwalo unaotazama kusini ni mahali pabaya pa kulaza chombo hata kama una mchanga mzuri. Ghuba inayotazama kaskazini, iliyokingwa na rasi au kilima upande wa kusini, ndiyo ya kutafutwa. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapotawala, hesabu hiyo hugeuka.

Mabaharia wa pwani huuita upande unaopigwa na upepo joshini, na ule uliokingwa demani. Chombo hulazwa demani mwa rasi au kilima. Lakini kinga hiyo ina gharama yake. Mahali ambapo upepo hutoka nchi kavu kwenda majini huwa na utulivu mzuri, ila kamba ikikatika usiku chombo husukumwa katikati ya bwawa badala ya kurudishwa ufukweni, na mwenyewe hugundua alfajiri. Penye utulivu wa namna hiyo, kamba ndiyo inayostahili kukaguliwa zaidi, ingawa wengi huikagua pale tu wanapoona mawimbi.

Utulivu wa saa 1 usiku nao usichukuliwe kuwa ahadi. Wakati wa vuli na masika, wingu la mvua hutanguliwa na dharuba ya ghafla inayoweza kuvuma kutoka upande wowote. Katika miezi hiyo ni afadhali ghuba iliyozungukwa pande mbili au tatu, hata kama ni ya mbali kidogo. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangazwa kila siku redioni, na ni busara kuusikiliza kabla ya kuondoka nyumbani kuliko kuutafuta simuni baada ya kufika mahali pasipo na mtandao.

Baada ya upepo huja chini ya maji. Tope zito na mchanga ulioshikana hushika nanga vizuri. Mawe laini huiachia, na majani yaliyosongamana huidanganya, kwa kuwa nanga huonekana imeshika kumbe imebeba majani tu. Jiwe lililofungwa kamba, ambalo bado linatumika kwa wingi, halishiki chochote bali hutegemea uzito wake, na chombo chenye mlingoti hulikokota kwa urahisi. Kamba ya nanga iwe na urefu wa mara tano hadi saba ya kina cha maji: penye mita 2, kamba ya mita 10 hadi 14. Anayepunguza kamba ili asigongane na jirani huwa ameifanya nanga ing'oke, kwa sababu kamba fupi huivuta kwenda juu badala ya kuilaza chini. Nafasi ikiwa finyu, dawa ni kufunga kamba ya pili kutoka tezini hadi kwenye kigingi cha nchi kavu, omo ikielekea kunakotoka mawimbi. Tanga lishushwe pamoja na foromali na kufungwa lote. Tanga lililofungwa nusu ni mkono ulioachwa wazi kwa upepo.

Mzoefu wa Tanga, ambako bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na bamvua huweza kupita mita 3, akifika Nyumba ya Mungu hudhani maji ya huku yamesimama. Hayakusimama; yanakwenda polepole. Bwawa hili, lililojengwa katika miaka ya 1960, huhifadhi maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, kisha huyaachia kwa ajili ya mitambo yake ya megawati 8 na ile iliyo chini zaidi, Hale na Pangani. Kati ya kimo chake cha kujaa, mita 688.91 juu ya usawa wa bahari, na kimo cha chini kinachoruhusiwa katika matumizi, mita 679.15, kuna tofauti inayokaribia mita 10. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mwambao ni tambarare, maji yakishuka mita moja tu ufuo huweza kusogea mbali sana. Mwalo uliofaa mwezi Juni huweza kuwa uwanja wa tope mwezi Novemba, na visiki vya miti iliyofunikwa tangu bwawa lilipojaa hukaribia uso wa maji bila kuonekana. Taarifa ya mwaka jana kuhusu mwalo fulani kwa hiyo haitoshi. Aulizwe aliyeingia hapo wiki hiyo.

Wanyama ni jambo ambalo wenyeji hawahitaji kukumbushwa, ila wageni huwaleta watoto na kupiga hema bila kuuliza. Kiboko hutoka majini usiku kula majani na hurudi kabla ya mapambazuko, akipita njia ileile kila siku. Njia hiyo hutambulika kwa urahisi: mfereji uliokanyagwa, wenye ukingo wa nyasi katikati, na kinyesi kilichotawanywa vichakani. Hema lililopigwa juu yake, au kati yake na maji, humweka mtu mahali ambapo kiboko atapita awe amelala au yuko macho. Mamba naye husubiri kwenye maji mafupi, kando ya matete, na saa zake za kuwinda ni za giza. Kwa sababu hiyo hapafai mahali panapomlazimu mtu kukanyaga maji usiku ili kukaza kamba. Vichwa na matumbo ya samaki yasisafishwe wala kutupwa pale chombo kinapolala. Mwenye kulala ndani ya chombo chenyewe achague kilicho kipana na kizito. Mtumbwi mwembamba si kitanda.

Maji mafupi yenye majani ndiyo pia makazi ya konokono wanaoeneza kichocho. Ufuo ulio wazi, wenye mchanga na mawimbi madogo, una konokono wachache kuliko kidimbwi chenye majani na maji yaliyotuama. Chandarua chenye dawa kihesabiwe kuwa sehemu ya vifaa vya chombo, kama kasia.

Pamoja na hayo yote, mwalo wenye watu ni bora kuliko ghuba nzuri isiyo na mtu. Katika mialo inayotambuliwa, kama ile ya Lang'ata upande wa Mwanga, huwapo kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, chenye viongozi wanaojua nani ameingia na nani hajarudi. Mgeni anayejiandikisha kwao jioni, akataja idadi ya watu aliokuja nao na mahali anapokwenda kesho, amejipatia watu wa kumtafuta endapo hatafika. Hao ndio watakaomweleza pia kama uvuvi umefungwa, kwa kuwa Serikali imewahi kulifunga bwawa hili ili samaki wazaliane, na kukutwa na nyavu wakati huo ni kosa hata kwa aliyedai kwamba amekuja kulala tu. Leseni na usajili wa chombo kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 viwe karibu. Ushuru wowote unaotozwa mwaloni utolewe stakabadhi ya halmashauri husika.

Wapo wanaokwepa mialo hiyo kwa sababu ya kelele, ushuru au maswali, wakaanzisha dago lao kando. Dago la usiku mmoja si tatizo kubwa. Tatizo ni dago linalogeuka kijiji bila choo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira hayo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, bwawa au mto, na kwa wakazi wa Same katazo hilo si la mbali tena. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2025, huchukua maji yake Nyumba ya Mungu. Maji husafishwa kabla ya kufika bombani, lakini usafishaji huwa mgumu na wa gharama zaidi kadiri chanzo kinavyochafuliwa. Mafuta ya injini yanayomwagwa wakati wa kujaza tangi gizani na choo cha vichakani vimo katika chanzo ambacho familia ya mvuvi huyohuyo inakinga ndoo mjini Same. Mahali pa kulala pasipo na choo panadai jembe, shimo, na mwendo wa zaidi ya hatua 100 kutoka majini.

Ziwa Jipe lina sharti lake la pekee. Mwambao wake umejaa matete, na njia nyembamba ya kuingilia mwaloni inaweza kuzibwa na magugu yanayosukumwa na upepo wa usiku mmoja. Anayelaza chombo ndani ya njia hiyo aache panga na upondo mkononi. Mpaka wa Tanzania na Kenya hupita ziwani humo, hivyo chombo kilichokatika kamba kinaweza kukutwa asubuhi katika maji ya nchi nyingine, na kukirudisha ni kazi ya siku kadhaa na maelezo mengi.

Kalemawe ni bwawa dogo, na kwa kweli hakuna sababu nzito ya kulala majini pale. Hifadhi ya Taifa Mkomazi iko jirani, na tembo hufuata maji usiku. Chombo kivutwe juu ya mstari wa maji, kifungwe kwenye mti ulio hai, makasia yachukuliwe, na watu warudi kulala kijijini.

Kwa wakazi wa kata ya Ruvu, wanaoishi kando ya mto ulio chini ya Nyumba ya Mungu, kuna onyo la ziada. Kimo cha mto hutegemea mvua na pia maji yanayoachiwa bwawani, hivyo unaweza kupanda bila wingu lolote kuonekana. Mtumbwi usiachwe usiku kwenye fungu la mchanga katikati ya mto, na mtu asilale hapo. Ufungwe kwenye ukingo wa juu, kwa kamba yenye nafasi ya kupanda pamoja na maji.

Kabla ya giza kuingia, mwenye chombo achague alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mti na paa la nyumba, kisha azitazame tena baada ya nusu saa. Zikiachana wakati upepo haujageuka, nanga inakokotwa na kazi ianze upya kungali na mwanga. Jaketi okozi ziwekwe mahali pa kufikiwa kwa mkono bila kuwasha taa, na tochi ifungwe shingoni. Namba ya kiongozi wa mwalo iandikwe pamoja na namba za bure za dharura: 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 112 ya Polisi.