Majina ya Hali katika Taarifa za Hitilafu za Programu Huria

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyarekebisha na kuyasambaza. Anayeitumia akigundua hitilafu, huandika taarifa na kuipeleka kwa watunzaji wake, ambao wengi hufanya kazi hiyo bila malipo. Taarifa zikifikia maelfu, hakuna awezaye kuzikumbuka zote. Ndiyo maana kila moja hupewa jina la hali, yaani neno linaloonyesha imefikia wapi.

Mfano unaojulikana ni Bugzilla, chombo kilichotungwa na Terry Weissman mwaka 1998 kwa ajili ya mradi wa Mozilla. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011, hatua zake za kawaida ni tano: haijathibitishwa, imethibitishwa, inashughulikiwa, imeamuliwa, uamuzi umehakikiwa. Kila jina huonyesha anayesubiriwa ni nani. Katika hatua ya kwanza anasubiriwa mtu wa kuijaribu hitilafu katika kompyuta yake. Katika ya pili, fundi wa kuichukua. Ya tatu huwaarifu wengine kwamba fundi amekwisha kupatikana, wasirudie kazi ileile.

Taarifa iliyoamuliwa hupewa jina jingine, linaloeleza namna ilivyomalizika: imerekebishwa, ni marudio ya taarifa nyingine, si hitilafu, haitarekebishwa, au kwangu inafanya kazi. Majina matatu ya mwisho yaonekana kuwa sawa, kwa kuwa katika yote programu hubaki kama ilivyo. Hata hivyo, maana zake ni mbalimbali. «Si hitilafu» maana yake programu inatenda kama ilivyokusudiwa. «Haitarekebishwa» hukiri kwamba hitilafu ipo, ila watunzaji wameamua kutoigusa. «Kwangu inafanya kazi» husema tu kwamba aliyejaribu hakuiona. Maelezo zaidi yakiletwa, taarifa yaweza kufunguliwa upya. Mtunzaji aliyechoka akiandika «si hitilafu» mahali pa «haitarekebishwa», humkanusha mtu aliyesema kweli. Mtu huyo, aliyejitolea muda wake, huenda asilete taarifa tena, na hitilafu nyingine zikabaki bila kujulikana.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapokuwa na la kusema. Neno la Kiingereza la hatua ya kwanza halionyeshi kama jaribio limekwisha kufanywa au la. Kiswahili hakina budi kuchagua. «Haijathibitishwa», kwa kiambishi -ja-, huacha mlango wazi: jambo bado linangojewa. «Haikuthibitishwa» hudokeza kwamba nafasi imekwisha kupita. Mfasiri akiandika la pili, huifunga taarifa ambayo pengine hakuna aliyeisoma. Vivyo hivyo, «haitarekebishwa» hutaja uamuzi wa watu, lakini «hairekebishiki» hutaja jambo lisilowezekana. Uamuzi waweza kujadiliwa na hata kubatilishwa. Lisilowezekana halina wa kuulizwa.

Kwa hiyo, anayeyatafsiri majina haya apaswa kwanza kujua nani anangojewa na nani ameamua, kisha ndipo achague kiambishi. Kosa la silabi moja latosha kumfanya mtoaji taarifa akate tamaa kabla ya kazi kuanza.