Fahamu: Kipimo cha damu cha kutambua Alzheimer mapema

Viashiria vya kibiolojia ni nini?

Ni dalili za mwilini zinazoweza kupimwa. Katika Alzheimer, ugonjwa unaofifisha kumbukumbu, hutafutwa protini za amiloidi na tau, ambazo hubadilika miaka mingi kabla ya mtu kuanza kusahau.

Kwa nini sasa?

Awali zilihitajika skani ghali au maji ya uti wa mgongo, lakini Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kwa wenye dalili waliotimiza miaka 55.

Likoni, Kisauni na Changamwe, Mombasa

Usahaulifu huku mara nyingi huhesabiwa kuwa uzee tu, au hata uchawi, kwa hiyo kipimo rahisi kingewafaa wengi. Hata hivyo, viwango vyake vimetokana zaidi na tafiti za watu wenye asili ya Ulaya, na maradhi ya figo huweza kupandisha tau katika damu, ndiyo maana utafiti kwa Waafrika wenyewe ni wa lazima.