Itaendelea: Deni la Msimuliaji

Wajukuu zangu, mnaijua hali ya kusoma hadithi gazetini: jambazi ameshainua panga, mlango unaanza kufunguka, halafu chini ya ukurasa mnakuta neno moja, "Itaendelea". Leo nataka kuwaeleza ufundi ulio nyuma ya neno hilo. Kuna wanaosema ni ujanja tu wa kuuza gazeti la wiki ijayo. Biashara imo, sikatai. Lakini msimuliaji anapokata hadithi yake katikati ametoa ahadi, na wahenga wetu walishatuambia kwamba ahadi ni deni. Uzuri wa hadithi ya vipande unategemea namna msimuliaji anavyokopa na namna anavyolipa.

Tuanze na bingwa wao, Shahrazad wa Alfu Lela Ulela. Mnajua aliolewa na mfalme aliyekuwa akiua kila mke wake asubuhi baada ya harusi, na mnajua alijiokoa kwa kusimulia. Ila tazameni hadithi aliyoichagua kuanza nayo. Mfanyabiashara yuko safarini, amepumzika chini ya mti, anakula tende na kutupa kokwa. Kokwa linampiga mtoto wa jini, ambaye haonekani, na kumuua. Baba yake anatokea na upanga, anadai damu kwa damu. Jini anainua mkono apige, na hapo alfajiri inaingia. Shahrazad ananyamaza.

Usiku wa pili hakurudi mikono mitupu. Mfanyabiashara anamwomba jini muhula wa mwaka mmoja, aende kwao akalipe madeni yake na kuwaaga watoto. Jini anakubali. Mwaka unakwisha na yule bwana anarudi kweli, anakaa palepale kusubiri kifo chake. Wanapita wazee watatu, kila mmoja na mnyama wake, na kila mmoja anamwambia jini: nikikusimulia kisa cha ajabu, nipe theluthi ya damu ya mtu huyu. Basi sasa tuna visa vitatu vya kusubiri.

Mmeuona mpango wake? Kila usiku swali la jana linapata jibu, na kabla jibu halijapoa linazaliwa swali jipya. Tena yule mfalme mwenye upanga alikuwa akisikiliza habari za jini mwenye upanga, na za mtu aliyetimiza ahadi hata ilipokuwa ikimhukumu. Kisha alikuwa na mchana kutwa wa kuyafikiria hayo. Kitu hiki kikumbukeni: katika hadithi ya vipande, kazi kubwa hufanyika pia wakati msimuliaji amenyamaza, ndani ya kichwa cha anayesubiri.

Sasa twendeni London, mwaka 1836. Kijana wa miaka 24, Charles Dickens, anaanza kuandika *The Pickwick Papers*. Riwaya siku hizo zilikuwa ghali mno kwa mfanyakazi wa kawaida, kwani kitabu kizima cha juzuu tatu kiliuzwa zaidi ya shilingi 31. Hadithi ya Dickens ilitoka kila mwezi katika kijitabu chembamba chenye jalada la kijani, kwa shilingi moja tu. Mwanzoni wanunuzi walikuwa mia chache. Kisha, katika toleo la nne, akaingia mtumishi mcheshi aitwaye Sam Weller, anayesafisha viatu vya wageni katika nyumba ya kulala wageni. Watu wakampenda. Dickens akaona, akampa nafasi kubwa zaidi, na hadithi ilipomalizika mwaka 1837 kila toleo lilikuwa likiuza nakala zipatazo 40,000.

Hapo pana faida ambayo kitabu kizima hakina. Mwandishi wa kitabu kizima hujua maoni ya wasomaji akiwa ameshafunga mlango. Mwandishi wa vipande huwasikia huku hadithi ikiendelea, kama vile bibi anavyowatazama usoni wajukuu wake na kujua pa kurefusha na pa kupita haraka.

Lakini kuna wasiwasi mmoja: itakuwaje kwa msomaji aliyekosa toleo moja? Swali hilo alijiuliza Arthur Conan Doyle. Aliona kwamba hadithi ndefu inayokatwakatwa humpoteza msomaji akikosa kipande kimoja, kwani hawezi tena kuishika kamba. Basi kuanzia Julai 1891, katika jarida la *The Strand*, akaleta njia nyingine. Mhusika ni yuleyule, mpelelezi Sherlock Holmes na rafiki yake Watson, lakini kila toleo lina kisa kilichokamilika. Deni la mwezi hulipwa mwezi huohuo. Kinachobaki wazi ni hamu ya kukutana tena na wale marafiki wawili.

Kwa hiyo zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni mfululizo, ambako hadithi moja ndefu inapita katika sehemu zote. Ya pili ni visa vinavyojitegemea chini ya mhusika mmoja. Waandishi wetu waliifahamu vizuri hii ya pili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimwumba Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na akili kali, pamoja na sahibu yake Najum. Kitabu cha kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilitoka mwaka 1960, kikafuatwa na vingine kama *Kisima cha Giningi* na *Siri ya Sifuri*. Unaweza kuanza na chochote utakachokipata maktabani. Ukisoma kimoja, utamtafuta Bwana Msa katika kingine.

Sinema nazo zikajifunza mapema. Mwaka 1914, Marekani, Pearl White alicheza *The Perils of Pauline* katika sehemu 20. Miaka iliyofuata watengenezaji walizoea kumwacha shujaa hatarini kila mwisho wa sehemu, ili watoto warudi wiki ijayo na senti zao. Baadhi yao walidanganya. Wiki hii mnaona gari likitumbukia bondeni na shujaa yumo ndani. Wiki ijayo wanawaonyesha picha ambayo hamkuonyeshwa kwanza: kumbe aliruka kabla gari halijafika ukingoni! Huko ni kulipa deni kwa noti bandia, na watoto hulitambua hilo upesi kuliko watu wazima. Ukimweka shujaa wako shimoni, mtoe kwa njia ambayo msomaji makini angeweza kuiwaza.

Redio ilituonyesha jambo la ndani zaidi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa *Twende na Wakati*. Alikuwamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye wanawake wengi njiani, na mkewe Tunu, aliyejifunza polepole kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Mkwaju hakuadhibiwa jioni ileile aliyokosea. Wasikilizaji waliishi naye juma kwa juma, wakamwona akipuuza maonyo, hadi maradhi yalipomfikia. Maisha ndivyo yalivyo, matokeo huchelewa. Sinema ya saa mbili hulazimika kuyaharakisha, bali mchezo wa vipande una muda wa kuyaacha yakomae. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo katika miaka ya mwanzo, na watafiti waliolinganisha walikuta kwamba kule ulikosikika watu wengi zaidi walikuwa wameanza kutumia uzazi wa mpango, jambo lililohimizwa na mchezo huo. Hapakuwa na hotuba. Watu walijadili mwenendo wa Mkwaju barazani na sokoni, wakajikuta wanajadili mwenendo wao.

Televisheni ikaurefusha muda wa kusubiri hadi ukawa tukio la dunia. Machi 21, 1980, tamthilia ya *Dallas* ilimaliza msimu kwa tajiri J.R. Ewing kupigwa risasi, mpigaji haonekani. Mgomo wa waigizaji ukachelewesha msimu mpya, na jibu likaja Novemba 21. Wamarekani takriban milioni 83 walikuwa mbele ya televisheni usiku huo. Kwa miezi minane watu walikisia, wakabishana, wakatetea hoja zao. Kisha mwaka 2013 Netflix ikatoa sehemu zote 13 za *House of Cards* siku moja. Raha ya kutazama mfululizo usiku kucha naielewa. Lakini nawaambia bila kuficha: kinachopotea ni yale mazungumzo ya katikati, na mimi nayathamini kuliko ile raha. Jaribuni wenyewe. Mkipata msimu mzima, tazameni sehemu moja kwa siku, na kila jioni mkisie pamoja kitakachofuata. Kukisia kunawafundisha jinsi hadithi inavyofumwa.

Michezo ya kompyuta imeleta jambo jipya kabisa, kwani mchezaji naye anakuwa mdaiwa. *The Walking Dead* ya kampuni ya Telltale, ya mwaka 2012, ilitoka katika sehemu tano. Unamwongoza Lee, mtu anayemlinda msichana mdogo aitwaye Clementine. Unachagua umwokoe nani, useme kweli au uongo, na mchezo unakumbuka. Sehemu ikiisha unaonyeshwa ni asilimia ngapi ya wachezaji waliochagua kama wewe. Kisha unasubiri sehemu ijayo ukijiuliza: nilifanya sawa?

Yapo pia madeni yaliyobaki. Dickens alifariki Juni 1870 akiwa ameandika nusu tu ya *The Mystery of Edwin Drood*, sehemu 6 kati ya 12, na hadi leo wasomaji wanakisia mwisho wake. Kifo hakina lawama. Lakini mchezo wa *Half-Life 2* ulileta sehemu moja ya nyongeza mwaka 2006 na ya pili mwaka 2007, ukawaacha wachezaji katikati ya msiba, na ile ya tatu iliyoahidiwa haikutoka. Telltale nayo iliporomoka mwaka 2018 hadithi ya Clementine ikiwa imebakiza sehemu mbili. Kampuni nyingine, Skybound, ikaichukua kazi hiyo na kuwarudisha baadhi ya waliokuwa wakiitengeneza, na mwaka 2019 ikakamilika. Jambo hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka, kwa sababu mtu anayewafuata wahusika miaka saba anastahili kuambiwa waliishia wapi.

Basi mkitaka kusimulia kwa vipande, anzeni na mwisho: jueni deni kubwa mtalilipaje kabla hamjalikopa. Katika kila sehemu mpeni msikilizaji kitu kamili cha kuondoka nacho, kicheko, siri iliyofichuka au rafiki mpya, ndipo mfungue swali jingine moja. Moja linatosha. Maswali kumi yaliyoachwa wazi humchosha msikilizaji, na mwisho anasahau alikuwa akidai nini.

Kazi yenu ni hii. Chukueni hadithi mnayoijua vizuri, ya sungura na fisi au ya Bwana Msa, muigawe katika usiku tatu. Wasimulieni wadogo zenu. Usiku wa kwanza mkinyamaza, sikilizeni wanachouliza. Wasipouliza kitu, mmekata mahali pasipofaa, kwa hiyo kesho badilisheni. Wakiwasumbua kwa maswali hadi wakati wa kulala, msiwajibu, ila kesho yake msikose kuwasimulia.