Nani Atakuhesabu Ndani ya Boti?

Maji ya Nyanda za Juu Kusini yana njia ndefu kabla ya kufika baharini. Ruaha Mkuu huanzia milima ya Poroto na Kipengere, hupita bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu, huingia Hifadhi ya Taifa Ruaha, kisha maji yake huhifadhiwa katika mabwawa ya Mtera na Kidatu kabla ya kuungana na Rufiji. Mkazi wa Mbeya au Iringa anayetamani kukaa kwenye boti akitazama viboko, mamba na tembo waliokuja kunywa hawezi kuutegemea mto wake mwenyewe, kwa kuwa tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Ndiyo maana vikundi vingi hushuka hadi Hifadhi ya Taifa Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba Selous mwaka 2019, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ambako boti hupita Rufiji na maziwa yake kama Tagalala na Manze. Tangazo la safari hizo huwalenga wanandoa, familia, kwaya, wanakikoba na wafanyakazi wa ofisi moja. Lakini katika orodha ya waliolipa karibu kila mara yumo mtu mmoja mmoja: mstaafu, mjane, mwalimu aliyehamishiwa mkoani hivi karibuni, binti aliyejiwekea akiba yake. Nawaandikia hao.

Wengi wao hulipa wakiwa na imani kwamba kundi litawapunguzia kazi ya kujiandaa. Gari limepangwa, malazi yamepangwa, chakula kimepangwa, kiongozi yupo. Kilichobaki ni kufunga begi. Hoja yangu ni kinyume cha hapo. Kundi hubeba ratiba, lakini halimbebi mtu. Mume anajua dawa anazotumia mkewe, mama anajua mwanawe hali samaki, wanakwaya wanajua nani hawezi kuogelea, na asubuhi mmoja wao asipoonekana mezani kuna mwenzake atakayeuliza. Aliyekuja peke yake hana mtu wa kujua hayo wala wa kuuliza, isipokuwa amemtengeneza mapema. Maandalizi yake, kwa hiyo, ni mengi kuliko ya wenzake, na sehemu kubwa hufanyika kabla ya kulipa.

Tuanze na boti yenyewe, maana hapo ndipo gharama ya uzembe ni kubwa kuliko zote. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa kimesajiliwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika walikuwamo wangapi, na majina yalijulikana kwa sababu ndugu walijitokeza kuwatafuta watu wao. Boti ya watalii kumi Rufiji si kivuko cha mamia, na silinganishi hatari ya kimoja na ya kingine. Ninachosema ni kwamba palipo na orodha mbovu, mtu hutafutwa na anayemfahamu. Asiyefahamika na yeyote hutafutwa mwisho. Muulize mwandaaji kama jina lako kamili, namba ya simu ya ndugu yako na namba ya kitambulisho vitaandikwa kwenye karatasi inayobaki nchi kavu. Muulize kama kuna jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, linalomtosha, na kama huvaliwa kabla ya injini kuwashwa. Boti iliyokaguliwa na TASAC, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, ina cheti, na mwenye cheti haoni taabu kukionyesha. Kisha, mkifika, chagua mwenzako mmoja mkubaliane waziwazi kwamba mtaangaliana: wewe hupandi boti kabla hujamwona, naye vivyo hivyo. Utaratibu huo hauna gharama hata shilingi moja, na hakuna kiongozi wa msafara anayeweza kuufanya kwa niaba yako.

Safari ya boti ina jambo jingine linaloitofautisha na ya gari. Ndani ya gari anayejisikia vibaya huomba dereva asimame. Katikati ya Rufiji hakuna kushuka, kwa sababu kando ya mto kuna mamba na chini ya maji kuna viboko, na hata kusimama ghafla kunayumbisha chombo. Saa mbili au tatu za jua linalorudishwa na maji humchosha hata kijana. Anayetumia dawa za kisukari au presha ahakikishe ziko kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye begi lililobaki kambini. Suala la haja ndogo, ambalo wanawake wengi huona haya kuliuliza, liulizwe siku moja kabla, si mkiwa majini. Kwa sababu ya haya hiyo wengine huacha kunywa maji kabisa, na kichwa huanza kuwauma kabla boti haijageuza.

Afya ndiyo inayomhusu mtu wa Nyanda za Juu kwa namna ya pekee. Miji ya Mbeya na Iringa iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, na mikoa ya Iringa na Njombe ni miongoni mwa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Hiyo ni neema nyumbani na ni udhaifu ugenini. Aliyekulia bondeni, aliyeng'atwa na mbu wenye malaria tangu utotoni, mwili wake umejenga kinga ya kiasi. Aliyekulia Mafinga au Uyole hana kinga hiyo, hata kama ni Mtanzania mwenzake. Azungumze na mtoa huduma wa afya kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuondoka, alale kwenye chandarua, avae mikono mirefu jioni. Rangi za nguo nazo zina maana: mbung'o wa Hifadhi ya Nyerere huvutwa na bluu iliyokoza na nyeusi, kwa hiyo jinzi zibaki nyumbani. Na hapa upweke unarudi kwa sura nyingine. Dalili za malaria mara nyingi hutokea siku 10 hadi 15 baada ya kung'atwa, yaani kundi likiwa limeshatawanyika zamani. Mwenye familia atakumbushwa kwamba juzijuzi walikuwa Rufiji. Anayeishi peke yake, katika mji ambako homa hudhaniwa kuwa mafua ya baridi, anaweza kukaa nayo hadi iwe kali. Mwambie jirani, mkuu wako wa kazi au dada yako tarehe uliyorudi, na homa ikitokea ndani ya wiki kadhaa, sema zahanati mara moja ulikotoka.

Suala la fedha ni fupi zaidi. Bei nyingi za malazi huhesabiwa kwa watu wawili chumba kimoja, na aliye peke yake hudaiwa nyongeza ambayo pengine haikutajwa kwenye tangazo. Si wizi, kwa sababu chumba kina gharama ileile awe ndani mmoja au wawili. Kosa ni kuificha hadi siku ya kufika. Uliza mapema mambo mawili: nyongeza ni kiasi gani, na kama inawezekana kugawana chumba na msafiri mwingine wa jinsia yako. Ukikubali kugawana, omba kujua jina lake na kuzungumza naye kabla ya safari. Lipa kwa akaunti au namba ya kampuni, si ya mtu binafsi, na upate risiti. Kampuni halali ina leseni ya biashara ya utalii, ambayo wengi huiita TALA. Beba kitambulisho cha NIDA, maana kiingilio cha hifadhi kwa raia ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni, na ni lazima uthibitishe kwamba wewe ni raia.

Kuna pingamizi la kweli linaloletwa dhidi ya haya yote. Husemwa kwamba Watanzania hawakai wageni kwa muda mrefu: gari halijafika mteremko wa Kitonga, watu wameshaitana dada na kaka, mahindi ya kuchoma yamegawanywa, na aliyekuja peke yake ameshapata shangazi wawili. Ni kweli, na ni uzuri wa kusafiri na watu wetu. Lakini anayekuita dada tangu asubuhi bado hajui kwamba una pumu, wala hana namba ya mama yako. Ukarimu huleta moyo wa kusaidia, hauleti taarifa. Ukimpa taarifa, ukarimu wake unapata pa kushika. Wengine husema maswali mengi humwonyesha mtu kama asiyeamini, hasa mwanamke, na kwamba yanaweza kumfanya atazamwe vibaya. Mwandaaji anayekasirika kuulizwa kuhusu jaketi na orodha ya majina amekwisha kujibu. Na wapo wanaosema raha ya likizo ni kutopanga. Nakubaliana nao kuhusu ndani ya safari: acha kupiga picha, kataa matembezi ya jioni ukichoka, kaa kimya utakavyo. Uhuru huo wa kutofuata kundi kila mahali ndio faida kubwa ya kuja peke yako, na unautumia kwa utulivu pale tu mambo ya msingi yamekwisha kuwekwa sawa.

Suala la tarehe limeharibu likizo nyingi za vikundi vya mikoa hii. Waandaaji hupenda Pasaka kwa kuwa ofisi na shule zimefungwa, lakini Pasaka huangukia Machi au Aprili, ndani ya masika, wakati barabara za udongo za kuingilia hifadhini huteleza na kambi kadhaa hufunga. Kundi lililokwama kwenye tope humalizia siku zake garini. Familia yenye watoto inaweza kuahirisha pamoja. Aliyelipa nafasi moja mara nyingi hubaki akidai fedha zake peke yake. Juni hadi Oktoba ndiyo majira yanayofaa, na mapumziko ya Nanenane, Agosti 8, yapo katikati yake.

Basi ukiona tangazo la safari ya boti mwaka huu, usitume fedha siku hiyo. Piga simu kwanza, uliza kuhusu orodha ya abiria, jaketi, nyongeza ya chumba na marejesho ya fedha safari ikiahirishwa, kisha omba majibu kwa maandishi. Asiyeweza kukuandikia majibu hayo manne, tafuta kampuni nyingine.