Mwana Aliyeumia Mgongo Ataka Kurudi Kwenye Vyuma: Tumzuie?



Siku moja baada ya Swala ya Alasiri, mama mmoja wa hapa Garissa alitujia chuoni. Aliketi mkekani na binti yake mdogo ubavuni, akasema bila ya kuzunguka: "Maalim, mkataze mwanangu. Wewe ndiye uliyemsomesha, wewe atakusikiliza." Mama huyu ni muuzaji wa maziwa ya ngamia, na amewalea watoto wake peke yake tangu alipofiwa na mumewe. Majina yao tunayasitiri, ijapokuwa wametuidhinisha kusimulia.

Alilotaka tumkataze mwanawe ni kurudi katika mashindano ya kunyanyua vyuma.

Mchezo wenyewe hauna budi kuelezwa, maana wengi wetu huuchanganya na ule wa Olimpiki, ambao mtu hukipandisha chuma hadi juu ya kichwa. Huu mwingine, uitwao pawalifting, una minyanyuo mitatu: kuchuchumaa na chuma kikiwa mabegani kisha kusimama, kulala chali juu ya benchi na kukisukuma chuma kutoka kifuani, na kukiinua kutoka sakafuni mpaka mtu asimame wima. Kila mnyanyuo una majaribio matatu. Waamuzi watatu huwasha taa nyeupe ya kukubali au nyekundu ya kukataa, na nyeupe mbili zatosha. Uzani bora wa kila mnyanyuo hujumlishwa. Ila kuna masharti mawili yanayomtisha kila mshindani. Ukishaanza na uzani fulani, jaribio linalofuata haliwezi kuwa chini yake. Na ukishindwa majaribio yote matatu ya mnyanyuo mmoja, umetoka patupu, hata kama ile mingine uliimudu vizuri.

Kijana wetu alikuwa hamali. Mchana alipakia magunia kwenye malori, na jioni alikwenda kunyanyua vyuma pamoja na wenzake. Alikuwa akiinua kilo 200 kutoka sakafuni, naye mwenyewe hafiki kilo 74. Jioni moja, baada ya kutwa nzima ya magunia, wenzake walimchochea aongeze kilo 10. Hakuupasha mwili moto wala hakupumzika. Kiuno kililia, na maumivu yakashuka mguu wa kushoto hadi vidoleni. Baadaye iligunduliwa hospitalini kwamba diski moja ya uti wa mgongo ilikuwa imetokeza ikabana mshipa wa fahamu.

Miezi ya mwanzo ilipotea bure. Alilazwa godoroni muda mrefu kwa kudhaniwa kwamba kulala ndiyo dawa, hali matabibu wa leo wanasema mgongo wa namna hiyo hufaidika na mwendo mdogo mdogo kuliko kulala kutwa kucha. Aliletewa mkandaji aliyempanda mgongoni kwa miguu. Wakasema watu ni kijicho. Sisi nasi tulimsomea, na kumsomea hatujuti. Hapa twende kando kidogo, kwa sababu wako wazazi wanaosoma haya na mgonjwa yumo ndani ya nyumba: maumivu ya mgongo yakifuatana na mguu kulegea, au ganzi sehemu za siri, au mtu kushindwa kuzuia haja yake, hilo si la kusubiri asubuhi. Ni la kupelekwa hospitali saa ile ile.

Tunalojuta ni jambo jingine. Alipoweza kutoka nyumbani alianza kuja msikitini, akawa anaswali juu ya kiti cha plastiki karibu na nguzo. Ijumaa moja tulimwambia, mbele ya watu, kwamba kiti ni cha wazee na kijana wa umri wake ajikaze. Hakujibu. Kwa wiki mbili hatukumwona katika jamaa. Ndipo tulipojikumbuka, kwamba sisi wenyewe ndio tuliomfundisha, akiwa na miaka kumi, kuwa asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu, wala thawabu yake haipungui. Tulimwendea nyumbani kumtaka radhi. Alitusamehe haraka kuliko tulivyostahili.

Mlango huo wa rukhsa, ndugu zetu, una upande wa pili ambao twaupita mbio tunapousomesha. Rukhsa huchukuliwa kwa kadiri ya haja. Anayeweza kusimama kwa Fatiha peke yake husimama kwa Fatiha, kisha akaketi. Kesho akiweza kusimama na kwa sura, husimama. Hakuna siku moja ya kutupa kiti kwa kishindo, wala hakuna ruhusa ya kukikalia milele kwa sababu kimezoeleka. Kijana alituambia kwamba tabibu wa viungo aliyemshughulikia alimpitisha njia ya aina hiyo hiyo. Kwanza alitakiwa atembee hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Kisha akafundishwa namna ya kuinama: nyonga zirudi nyuma, magoti yakunjwe, mgongo ubaki umenyooka, mzigo uwe karibu na mwili. Akaambiwa atafute nyumbani kitu cha kujifunzia.

Na kitu kilichokuwamo nyumbani ni mitungi ya mama ya maziwa.

Mtungi wa lita 20 ukijaa maziwa unapita kidogo kilo 20. Mama huyu huishusha kutoka garini alfajiri, mmoja baada ya mwingine, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kumwashia taa nyeupe. Kijana alianza na mtungi mtupu. Baada ya wiki kadhaa ukatiwa maji robo, kisha nusu. Siku alipouinua uliojaa bila mguu kumuuma, mama alilia jikoni. Baadaye aliporudi kwenye vyuma, alianza na fimbo tupu isiyo na sahani hata moja. Fimbo hiyo ina kilo 20. Yule aliyekuwa akiinua 200 alisimama kati ya vijana wachanga akiinua uzani wa mtungi wa mamake, na wengine walicheka.

Yote haya yalichukua miaka miwili na zaidi. Sasa tabibu amemwambia anaweza, mashindano madogo yametangazwa Mombasa, na mama ametujia na ombi lake.

Hoja yake haikuwa ya woga mtupu. "Miaka hii miwili," alisema, "mshahara wake haukuwepo. Karo ya huyu mdogo nimelipa mimi, nauli za hospitali mimi. Akivunjika tena, atabebwa na nani?" Hatukuwa na jibu. Kijana alipoitwa, alijitetea kwa kumwonyesha mamake kwenye simu picha za Behdad Salimi, Muirani aliyepata dhahabu ya Olimpiki ya London 2012 katika uzani mkubwa kabisa. Salimi aliumia goti, akapasuliwa, akarudi katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na katika mnyanyuo wa kwanza akaweka rekodi ya dunia ya kilo 216. Mama alitazama mpaka mwisho.

"Na medali?" akauliza.

Hakupata. Katika mnyanyuo wa pili hakuna jaribio lake lililohesabiwa. Moja waamuzi walilikubali, kisha jopo la juu likalitengua. Akaondoka Rio na rekodi mkononi, bila ya medali.

"Basi," akasema mama.

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Na kwa kweli alikuwa ameona jambo ambalo mwanawe hakuliona: kurudi hakumwahidi mtu zawadi. Anayerudi kwa ajili ya kurejeshewa alichopoteza huenda asirejeshewe.

Hatukumkataza kijana, wala hatukumlazimisha mama. Tuliona si haki kutumia kilemba chetu kuamua jambo la mgongo ambao hatuujui. Tulifanya moja tu: tulikwenda pamoja na mama kwa yule tabibu, akauliza mwenyewe yote aliyotaka. Aliambiwa kwamba kwa hali ya sasa kunyanyua kwa utaratibu si hatari kubwa kuliko magunia ya sokoni, na kwamba hatari imo katika pupa. Alirudi nyumbani, akakaa siku tatu, kisha akatoa sharti. Kijana aandike kwenye karatasi nambari zote tisa za majaribio kabla ya kuondoka Garissa. Nakala moja abaki nayo mama. Asiongeze hata kilo moja juu ya zilizoandikwa.

Hivi ndivyo ilivyoandikwa: kuchuchumaa, 100, 110, 115. Benchi, 75, 80, 85. Kuinua kutoka sakafuni, 130, 145, 155.

Sisi tuna jamaa Mombasa, kwa hiyo tulisafiri naye. Njia ya Hola, Garsen na Malindi ni ndefu, na kukaa kitini kwa saa nyingi ni adui wa kiuno. Kila basi liliposimama alishuka akatembea. Juu ya vazi tulikuwa tumeuliza mapema, maana nguo ya mchezo huu huacha mapaja wazi, na waandalizi walimruhusu kuvaa suruali ndefu ndani yake. Wako wanaodhani mambo haya hayaombeki. Mwaka 2011 dada mmoja Mwislamu wa Marekani, Kulsoom Abdullah, aliomba kushindana katika kunyanyua uzani akiwa amefunika mikono, miguu na kichwa, na shirikisho la dunia la mchezo huo likabadilisha kanuni zake. Miaka mitano baadaye, Sara Ahmed wa Misri alisimama jukwaani Rio na hijabu yake akapokea shaba.

Katika kuchuchumaa alipata yote matatu. Katika benchi alipata mawili, na la tatu likakataliwa kwa taa nyekundu tatu kwa sababu alikisukuma chuma kabla ya neno la mwamuzi. Ukafika mnyanyuo wa mwisho, ule ule uliomvunja. Tunakiri kwamba tulishindwa kutazama jaribio la kwanza. Tulisikia chuma kikigusa sakafu taratibu, tukainua macho. Kilo 145 nazo zilipanda kana kwamba ni nyepesi.

Hapo ndipo mtihani ulipomjia. Mshindani hupewa dakika moja kutaja uzani wa jaribio linalofuata. Vijana waliokuwa wakipiga hesabu walimkimbilia: akitaja 170 na kuziinua, atashika nafasi ya tatu. Na walivyoziona 145 zilivyopanda, 170 hazikuwa ndoto. Waliimba jina lake. Alitugeukia sisi. Ndugu wasomaji, hatutaficha: ulimi wetu ulitaka kusema 170. Sisi wenye miaka hamsini na kitu, tuliokwisha kumkosea mara moja kwa kumtaka ajikaze, tulikuwa tayari kumkosea mara ya pili kwa sababu ya kelele za ukumbi.

"Karatasi ya mama inasema 155, Maalim," akatuambia, akaenda kwenye meza.

Aliziinua, taa zote tatu zikawa nyeupe. Jumla yake ilikuwa kilo 350, na nafasi yake ya tano kati ya sita. Alikaa pembeni kwa muda mrefu akiwa amejifunika taulo kichwani, nasi tukamwacha. Alipoinuka alitwambia kwamba mguu wa kushoto hauna maumivu, na kwamba amehesabu mwenyewe na 170 angeziweza. Huenda ni kweli. Hakuna atakayejua, naye alionekana kuumia kidogo kwa kutojua.

Tuliporudi Garissa mama aliitoa nakala yake mkobani, akapitia nambari moja moja, akitia alama kwa kalamu ya binti yake. Kwenye 85 ya benchi akasimama.

"Hii?"

"Nilisukuma kabla ya kuambiwa, hooyo."

"Haraka," akasema, akaendelea na alama zake.

Alfajiri iliyofuata kijana alishusha mitungi yote garini, na mama alisimama nyuma yake kuangalia mgongo. Amekwisha kurudi kazini, ingawa kwa magunia machache na kwa masharti. Swala zote anasimama. Anazungumzia mashindano mengine, na mama amesema karatasi italetwa kwanza, ndipo maneno.

Ama yule mdogo wa kike, aliyekuwa kimya mkekani siku ile ya kwanza, amesikia habari za Hellen Wawira Kariuki, Mkenya mwenye ulemavu aliyeleta nyumbani shaba ya kunyanyua uzani kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, na sasa anauliza kama ile fimbo tupu ni nzito sana. Mama amemwambia aanze na mtungi.