Je, Wajua? Wasichana wa Misheni na Wasichana Waliowarithi

Je, wajua kwamba masista wa kwanza kufika Zanzibar hawakutoka Ulaya? Desemba 1860 waliteremka bandarini masista sita wa shirika la Mabinti wa Maria, wakitokea Réunion, kisiwa cha Wafaransa kilichoko mashariki ya Madagaska. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa 1849, mwaka mmoja tu baada ya Ufaransa kupiga marufuku utumwa, na lilipokea wanawake wa rangi zote, wakiwemo waliotoka utumwani wenyewe. Baadaye walivuka hadi Bagamoyo wakawalea watoto waliokombolewa. Wengi wetu tukisikia neno mmisionari tunamwona mzee wa kizungu mwenye ndevu. Leo tumweke pembeni kidogo, tuwatazame wasichana.

Je, wajua kwamba kaburi la mmisionari mmoja wa mwanzo kabisa katika pwani ya Kenya ni la mama kijana na mtoto wake? Rosine Krapf alifika Mombasa 1844 pamoja na mumewe, Johann Ludwig Krapf. Julai mwaka huohuo homa ilimuua, na kichanga chake naye hakupona. Walizikwa upande wa bara, Nyali. Mume tumemsoma darasani kwa sababu ya kamusi yake ya Kiswahili. Mke hatujamsoma.

Je, wajua kwamba mashirika ya kwanza ya misheni ya Marekani yalisita sana kumtuma mwanamke asiye na mume? Aliyevuka kizuizi hicho mapema kuliko karibu wote alikuwa Betsey Stockton, mwanamke mweusi aliyezaliwa mtumwa huko New Jersey. Alipanda meli 1822 akiwa na umri wa miaka 20 na kitu, akafika Hawaii mwaka uliofuata. Wenzake walishughulika na machifu na watoto wa machifu. Yeye akafungua shule Lahaina, kisiwani Maui, kwa ajili ya watu wa kawaida. Miaka 70 hivi baadaye, wanawake walikuwa takriban asilimia 60 ya wamisionari wa Kiprotestanti wa Marekani.

Je, wajua kwamba aliyetaka watawa wanawake watoke nje ya kuta za monasteri wakafundishe alifungwa kwa ajili ya wazo hilo? Mary Ward, Mwingereza, alianzisha jumuiya yake 1609. Mwaka 1631 Roma iliivunja, naye akawekwa kizuizini Munich kama mzushi. Masista waliofuata nyayo zake hawakuruhusiwa kumtaja rasmi kuwa mwanzilishi wao hadi 1909. Lishike jina hilo, maana tutakutana na wajukuu zake Limuru.

Je, wajua kwamba magofu ya Mbweni, kusini mwa mji wa Zanzibar, yalikuwa shule ya wasichana? Meli za kivita za Uingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, baadhi ya watoto wa kike walipelekwa huko kwa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Caroline Thackeray alifika 1877, akaiongoza shule hiyo kwa takriban robo karne, kisha akabaki Zanzibar hadi kufa kwake 1926. Wanafunzi wake waliofuzu ualimu waliolewa na vijana waliosomea shule ya wavulana ya Kiungani, wakaenda nao Magila na Masasi kufungua madarasa. Kwa hiyo katika sehemu nyingi za bara, mwanamke wa kwanza kumshikisha msichana kalamu alikuwa Mwafrika aliyenusurika utumwani. Jambo hili lingestahili ukurasa mzima katika vitabu vyetu vya historia, na sijauona bado.

Je, wajua kwamba wamisionari watano wa kike wa shirika la Kianglikana la CMS walifika Mengo, Uganda, Oktoba 1895 kwa safari ndefu ya miguu kutoka pwani? Reli ilikuwa haijajengwa. Miaka 10 baadaye, 1905, ikazaliwa Gayaza, shule ya kwanza ya bweni ya wasichana nchini humo, na bado inafundisha. Naye nesi Katherine Timpson alifika 1897 katika msafara uliofungua hospitali ya Mengo. Akaolewa na daktari Albert Cook, na mwaka 1918 wakaanzisha mafunzo ya wakunga kwa wasichana wa Uganda.

Je, wajua kwamba hadi 1936 sheria ya Kanisa Katoliki ilimkataza mtawa kuzalisha? Angeweza kumwosha mgonjwa, kumfunga kidonda na kumfumba macho akifa, lakini mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, sista alitakiwa asimame kando. Wanawake waliokuwa karibu na vitanda hivyo ndio waliopiga kelele hadi Roma ikasikia.

Mmoja wao alikuwa Teresa Kearney, msichana wa Ireland aliyeitwa Mama Kevin katika utawa, na Waganda wakamwita Mama Kevina. Alifika Nsambya, Kampala, Januari 1903 akiwa na miaka 27, pamoja na masista wenzake watano. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Mwaka 1921 ikaanza shule ya wakunga, wakati yeye na masista wake bado wamefungwa mikono na sheria ile. Hakuwa na ruhusa ya kuzalisha, basi akahakikisha wasichana wa Uganda wanafundishwa kazi hiyo. Mwaka 1923 akawakusanya wasichana wachache wa Kiafrika Nkokonjeru, wakawa mwanzo wa Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao leo utawakuta pia Kenya na Tanzania. Alipofariki Marekani 1957 alizikwa kwao Ireland. Waganda hawakukubali. Waliomba, wakachanga, na kabla mwaka haujaisha mwili wake ulikuwa Nkokonjeru.

Mwingine ni Anna Dengel wa Austria. Alisomea udaktari Cork, Ireland, akaenda Rawalpindi akiwa na miaka 28. Huko aliwakuta wanawake wa Kiislamu wakifa kwa sababu heshima ya nyumba haikuruhusu daktari mwanamume awatazame. Mwaka 1925, Washington, alianzisha Masista wa Misheni ya Tiba, miaka 11 kabla Roma haijafungua mlango. Mlango ulipofunguliwa, yeye alikuwa kizingitini.

Je, wajua kwamba chuo kikubwa cha tiba cha Vellore, India Kusini, kilitokana na usiku mmoja? Ida Scudder, binti wa daktari mmisionari wa Kimarekani, alikuwa amewatembelea tu wazazi wake, na kukaa huko hakukuwa katika mipango yake. Usiku huo walikuja wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimwomba aje amsaidie mkewe anayejifungua. Hakuwa na ujuzi, na wao hawakutaka daktari mwanamume. Asubuhi wanawake wote watatu walikuwa wamekufa. Ida akaenda kusoma, akahitimu udaktari chuo cha Cornell 1899, akarudi. Mwaka 1918 akafungua shule ya udaktari ya wasichana. Wanaume walianza kupokelewa humo 1947.

Na Korea? Daktari Rosetta Sherwood alifika Seoul 1890 akiwa na miaka 25. Msichana mmoja aliyemsaidia kutafsiri, Kim Jeom-dong, alifuatana naye Marekani, akahitimu Baltimore mwaka 1900 kama daktari wa kwanza mwanamke wa Kikorea katika tiba ya kisasa, akarejea kutibu kwao. Tunamfahamu pia kwa jina la Esther Park.

Je, wajua kwamba misheni moja ilimkataa Gladys Aylward, mtumishi wa ndani wa London? Alidunduliza mshahara wake, akanunua tiketi ya treni, akafika China 1932 kwa njia zake mwenyewe. Serikali ya huko ilimwajiri akague miguu ya watoto wa kike, kuhakikisha hawafungwi tena vitambaa vya kuidumaza. Mwaka 1940 aliwavusha milimani watoto wapatao 100 wakiyakimbia majeshi ya Japani.

Mary Slessor yeye alitoka kiwandani. Alianza kazi huko Dundee, Scotland, akiwa na miaka 11, akafika Calabar, Nigeria, 1876 akiwa na 27. Watoto mapacha waliokuwa wakitupwa kwa kuaminiwa kuwa ni mkosi aliwaokota na kuwalea. Baadaye picha yake iliwekwa kwenye noti ya pauni 10 ya Scotland.

Sasa turudi nyumbani, Nyeri, kwa huyu ambaye mimi nampenda kuliko wote.

Je, wajua kwamba mtu wa kwanza kutangazwa mwenyeheri katika ardhi ya Kenya ni sista aliyefika akiwa na miaka 23? Irene Stefani alizaliwa 1891 Anfo, kaskazini mwa Italia, akatua Mombasa mwanzoni mwa 1915 na masista wa Konsolata. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshawaka. Wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi walikuwa wakifa kwa maelfu, wengi kwa kuhara na njaa wala si kwa risasi. Irene alipelekwa kuwauguza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wagonjwa walilala chini, dawa hazikutosha, na waliohesabiwa ni wachache kuliko waliozikwa. Kuanzia 1920 hadi 1930 aliishi Gikondi, akifundisha na kutembea kwa miguu nyumba kwa nyumba, milima ya huko ikimpandisha na kumshusha. Vijana wakienda kutafuta kazi mijini, yeye ndiye aliyewaandikia mama zao barua. Watu walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Oktoba 1930 alimuuguza mwalimu aliyepatwa na tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 akiwa na miaka 39. Mei 23, 2015, umati ulifurika Nyeri kushuhudia akitangazwa mwenyeheri. Muujiza uliokubaliwa na Kanisa ulitoka Nipepe, Msumbiji, ambako mwaka 1989 waumini waliozingirwa kanisani wakati wa vita walimwomba awaombee, na maji kidogo ya kisima cha ubatizo yakawatosha.

Lakini tusifunike kovu. Mwaka 1929, mmisionari wa Kiskoti Marion Stevenson na wenzake walisimama kupinga ukeketaji huko Ugikuyu. Msimamo ulikuwa wa kulinda mwili wa msichana, na kwa hilo nawaunga mkono. Namna ulivyotekelezwa, kwa kuwafungia watu kanisa na shule, iliwafanya wengi wajitenge na kujenga shule zao huru. Na wasichana waliosoma misheni walilipa kwa njia nyingine. Wangari Maathai ameeleza kwamba katika bweni la masista wa Konsolata, Mathari, mtoto aliyekutwa akisema Kigikuyu alivikwa kifungo cha aibu. Kumfanya mtoto aione lugha ya mama yake kuwa kosa ni dhuluma, hata kama anayeitenda ni mtu mwema.

Wangari huyohuyo, kutoka Mathari, alikwenda Loreto Limuru, shule iliyofunguliwa 1936 na masista waliofika Kenya 1921. Hao ndio wajukuu wa Mary Ward. Ni shirika lilelile aliloingia msichana wa miaka 18 kutoka Skopje mwaka 1928, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Mama Teresa wa Kalkuta. Kutoka Limuru, Wangari akaenda kwa Wabenedikto wa Atchison, Kansas, akahitimu 1964. Mashirika matatu ya watawa yalipita mikononi mwake, au yeye mikononi mwao. Mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mwaka huohuo wa 2004, Getrude Mongella wa Ukerewe alikuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Je, wajua alikosoma? Marian College, Morogoro, shule ya masista wa Maryknoll iliyoanza 1957 na ambayo leo ni Kilakala. Yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing 1995.

Je, wajua kwamba wachumi nao wamelipima jambo hili? Nathan Nunn, alipokuwa Harvard, alilinganisha ramani ya misheni za Afrika ya 1924 na elimu ya watu wa siku hizi. Karibu na misheni za Kiprotestanti wanawake wamesoma zaidi hadi leo. Karibu na za Kikatoliki, waliofaidika kwa wastani ni wanaume. Mimi ninayewasifu masista kiasi hiki nimelazimika kulitafakari. Namba hizo hazipimi nani alijitoa zaidi, ila zinaonyesha kwamba bidii ya wachache haikutosha pale ambapo hazikujengwa shule nyingi za wasichana.

Je, wajua kwamba wimbi hili halijaisha? Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilituma wasichana wake wawili wa kwanza wasioolewa, Inez Knight na Jennie Brimhall, huko Uingereza 1898. Oktoba 2012 lilishusha umri wa wasichana kutumwa kutoka miaka 21 hadi 19, na katika muda usiofika miaka miwili wamisionari wake wote waliongezeka kutoka takriban 58,000 hadi zaidi ya 80,000, wasichana wakiwa sehemu kubwa ya ongezeko hilo. Katika Kanisa Katoliki, idadi ya masista inapungua Ulaya na kuongezeka Afrika. Masista kutoka Kenya, Uganda na Tanzania sasa wanauguza wazee na kufundisha watoto huko walikotoka akina Irene na Kevina.

Majina ya wageni hawa tunayo kwa sababu waliandika barua na mashirika yao yakazihifadhi. Majina ya wasichana wa Mbweni, wa wakunga wa kwanza wa Nsambya, wa wakalimani waliotangulia mbele ya sista kijiji kwa kijiji, mengi yamo vichwani mwa wazee wetu tu. Ndugu msomaji, kama bibi yako alisoma kwa masista au alizalishwa na mkunga wa misheni, muulize wiki hii jina la aliyemfundisha na la aliyempokea mtoto wake. Liandike, na kijiji, na mwaka.