Mchimbaji Mdogo Kuliko Wote wa Salamabila

Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, huishi kwa dhahabu. Aliyeshika sururu karibu na Namoya anajua kuwa mali haikai juu: unaondoa udongo mtupu kwanza, ndipo ukutane na mchanga wa kuosha. Lakini yuko mchimbaji mwingine asiyefika hata milimita moja, naye anaijua miguu ya wachimbaji kuliko wenyewe. Ni funza.

Funza jike anatafuta damu. Akitua pembeni mwa ukucha au kwenye unyayo, hukuta kwanza seli zilizokufa, kavu, zilizojaa keratini na kubanana kama vigae. Hapo hapana chakula. Unyayoni ngozi ya juu hufikia milimita moja na nusu hivi, na kwa anayetembea peku, sugu huongezea. Chini ya vigae hivyo ziko seli hai, na chini kabisa iko safu inayozaa seli mpya, yenye pia seli za melanini, zinazotupatia weusi wetu. Ajabu yake, ngozi yote hiyo ya juu haina mshipa wa damu hata mmoja. Ndiyo sababu sugu hukwanguliwa kwa wembe pasitoke tone.

Kwa hiyo funza huzama kichwa chini mpaka mdomo wake uguse ngozi ya ndani, palipo na mishipa ya damu, neva, tezi za jasho na nyuzi za kolajeni zinazoifanya ngozi isichanike. Mkia anauacha nje, apate pumzi na pa kutolea mayai. Kwa wiki moja au mbili hufura hadi kulingana na kunde.

Funza si mwenyeji wa kwetu. Aliingia Angola mwaka 1872 kwa meli ya Kiingereza, Thomas Mitchell, iliyotoka Brazili, na kabla karne haijaisha alikwisha kufika pwani ya mashariki. Ukiikumbuka njia ya misafara ya Kasongo, Kabambare, Ujiji hadi pwani, na wapagazi wale wasio na viatu, huulizi alilipitaje bara.

Bibi anayetoa funza kwa sindano hufanya kazi ya tabaka. Akitanua tundu la ngozi ya juu tu, mfuko wa mayai hutoka mzima. Akipitiliza, amefungua ngozi ya ndani, na hapo ndipo pepopunda hupata mlango. Sindano hiyohiyo ikizunguka kwa watoto watano, ni hatari juu ya hatari. Kenya na Uganda wamejaribu mafuta mepesi ya dimetikoni, yanayopenya tunduni na kumziba funza pumzi bila kutoboa chochote.

Funza asiyechokonolewa hufa mwenyewe baada ya wiki nne hadi sita. Ngozi, inayojisukuma kutoka chini kwenda juu kila siku, humpandisha polepole na kumtupa nje pamoja na kigaga.